Gari haivuti? Mashine haijakutuma ununue oksijeni sensa

Nimechoka jamani. Mtu anakuja gereji na boksi la sensa mpya mkononi, "fundi nifungie hii, gari haivuti, mashine imesema ni oksijeni sensa". Mashine ni ile ya kusomea koda za kompyuta ya gari, na oksijeni sensa ni ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi. Ukimuuliza mashine imesema nini hasa anakutolea picha kwenye simu, koda P0171. Haya, tuanzie hapo maana hapa ndipo hela za watu zinapopotelea.

P0171 ni kwamba mchanganyiko wa upande wa kwanza wa injini umekuwa mwepesi, hewa nyingi mafuta machache, basi. Hakuna mahali imeandikwa sensa imekufa. Tena sensa ndiyo iliyogundua na kutoa taarifa, sasa wewe unamng'oa jirani aliyekuja kukuambia nyumba inafuka moshi halafu unaleta jirani mpya, naye baada ya siku chache atakuambia hivyohivyo. Ndiyo maana umefuta koda, taa ikazima, ukashangilia, wiki haijaisha imewaka tena.

Na hili ndilo watu hawalijui kabisa: ukikanyaga mafuta mpaka chini, magari mengi ya petroli kompyuta inaacha kumsikiliza oksijeni sensa, inamwaga mafuta kwa hesabu zake yenyewe. Kwa hiyo gari inayokufa mlimani ukiwa umekanyaga zote, oksijeni sensa ni mtuhumiwa wa mwisho. Sikatai nayo hufa, lakini ikifa mara nyingi utaona koda zake yenyewe kama P0130 au P0135, na malalamiko yako makubwa yatakuwa gari inakunywa mafuta.

Sasa mashine hiyohiyo unayoiabudu ina ukurasa wa namba zinazotembea, fungua hapo uangalie fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Injini ikiwa imeshapata moto, soma ikiwa sailensa (inanguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta), halafu panda mpaka RPM 2500 (mizunguko ya injini kwa dakika) ushikilie hapo usome tena. Gari isiyo na shida inacheza ndani ya asilimia 10 juu au chini. Kama kwenye sailensa namba iko juu, tuseme 20 na kitu, halafu ukipandisha RPM inashuka, hapo inavuta hewa ya pembeni, kagua hosi ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue), gasketi ya manifoldi na lile bomba la mpira linalotoka eya klina, huwa linapasuka kwenye mikunjo upande wa chini, huoni mpaka ulivue. Lakini kama kwenye sailensa namba iko sawa na inazidi kupanda kadiri unavyoipa injini mzigo, basi mafuta hayafiki ya kutosha, au sensa ya hewa, MAF, ni chafu na inadanganya. Funga geji ya presha ya mafuta. Toyota IST au Vitz yenye injini ya 1NZ inatakiwa isome kama psi 44 mpaka 50, ikiwa chini ya hapo nenda kwenye pampu na filta yake mle ndani ya tanki. MAF isafishe kwa dawa yake, siyo dawa ya kabureta, na usiisugue na pamba kama masikio ya mtoto tafadhali. Kazi yote hii haimalizi saa moja lakini watu wanaona bora waende Ilala kununua sensa.

"Giaboksi imekufa." Kabla hujauziwa giaboksi ya mtumba, angalia mshale wa RPM. Ukikanyaga RPM inapanda juu gari haiendi, ndiyo, giaboksi inateleza, anzia na oili yake. RPM yenyewe ikigoma kupanda, shida iko kwenye injini, na giaboksi uiache ipumzike.

Plagi za iridiamu zinaongeza nguvu? Hapana. Zinadumu zaidi, full stop. Kama gari ilikuwa na misi (silinda inashindwa kuwaka vizuri) kwa sababu plagi za zamani zimekwisha utaona tofauti, lakini hata za kawaida zingekupa tofauti hiyohiyo.

Masega, yaani kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. "Toa masega gari ipepee." Masega yakiziba kweli gari inakabwa, RPM inafika 3000 hivi na haitaki kuendelea, lakini hilo linapimwa, unatoa oksijeni sensa ya mbele unafunga geji kwenye tundu lake, kwa RPM 2500 ikizidi kama psi 3 hapo kuna kizuizi. Masega mazima hayakupunguzii nguvu ya kuona kwa macho. Na aliyekushauri uyatoe muulize yanaenda wapi, maana yana platinamu ndani na yana wateja wake.

Kutoa thamostati nayo, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, sijui nani aliileta. Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kuzidisha mafuta, gari inakuwa nzito na inakula. Rudisha thamostati.

Halafu wale wa safari, "nikifika Mbeya gari inakuwa nzito, mafuta ya kule yamechakachuliwa". Mbeya iko mita kama 1700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1000. Injini yako ya cc 1300 imebeba watu watano na magunia ya mchele, ulitaka ifanyeje? Kama inarudi Dar na kuwa sawa usiguse kitu. Kama na Dar bado ni nzito, endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na rimu zote nne bila kuzigusa. Inayochoma kuliko wenzake, breki yake imebana, na hiyo hakuna mashine itakayokusomea.