Safari ndefu za pikipiki si za vijana peke yao

Wengi bado wanaamini kwamba kusafiri maelfu ya kilomita kwa pikipiki ni kazi ya kijana mwenye misuli. Si kweli. Ted Simon, mwandishi Mwingereza wa safari aliyezaliwa 1931, alianza kuizunguka dunia kwa pikipiki kwa mara ya pili mwaka 2001, akikaribia miaka 70. Hata pikipiki ya kilo 200 iliyoanguka haiinuliwi kwa nguvu za mikono: zima injini, weka gia, ipe mgongo, chuchumaa makalio yakigusa kiti, kisha isukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Umri hupunguza wepesi wa macho na mwili, hilo tusilifiche. Kinachonitia hofu zaidi ni ubishi wa asiyetaka kupumzika, awe na umri wowote. Mwenye busara huchagua pikipiki nyepesi, hunywa maji mara kwa mara na husimama kabla hajachoka.