Magunia Mabichi: Wakulima wa Gippsland na Moto Kichaa

Katika mikutano ya vijiji huwa naulizwa swali moja: "Bwana misitu, sisi hatuna gari la zimamoto, moto ukija tufanye nini?" Ni swali la haki. Nikilijibu huanza na wakulima wa Gippsland, mashariki mwa jimbo la Victoria huko Australia, kwa sababu nao walianza bila gari. Tena miti iliyowaunguza tunaijua, ni jamii ya mikaratusi. Mikaratusi yetu ya Mufindi na Njombe asili yake ni Australia.

Majani ya mkaratusi yana mafuta. Magome yake hubanduka na kuning'inia kama matambara, na moto ukiyashika upepo huyabeba yakiwaka hadi mbali. Mtu anapigana na moto ulio mbele yake, kumbe mwingine umeshaanza nyuma ya nyumba.

Wenyeji wa Gippsland, Wagunaikurnai, walikuwa na desturi yao ya kutumia moto mdogo, kwa kipande na kwa wakati wake. Walowezi walipowanyang'anya ardhi, desturi hiyo ilivunjwa. Kuanzia miaka ya 1870 viwanja viligawiwa kwa wakulima kwa sharti la kufyeka msitu. Walikata miti midogo wakaiacha ikauke, na ile mikubwa wakaimenya gome kuizunguka ili ife ikiwa imesimama. Kiangazi cha kule kilipokolea, mwezi wa Februari, walichoma. Kila mkulima alichoma kwake, na jirani yake hivyo hivyo.

Tarehe 1 Februari 1898, siku waliyoiita Jumanne Nyekundu, moto ulipita kusini mwa Gippsland. Hekta zipatazo 260,000 ziliungua, watu 12 wakafa na majengo zaidi ya 2,000 yakateketea.

Walipigana na nini? Gunia lililoloweshwa, tawi bichi, shoka na ndoo. Gunia lina ufundi wake, na hapa wengi hukosea. Ukilinyanyua juu na kulipiga kwa nguvu unarusha cheche kwenye nyasi kavu. Lishushe juu ya mwali, likandamize kidogo ili moto ukose hewa, kisha livute kuelekea upande ulioungua. Msimame mmoja nyuma ya mwenzake, na wa mwisho ahakikishe kilichozimwa hakifufuki. Anzeni ubavuni, msikae mbele ya moto unaosukumwa na upepo.

Gunia lilitosha kwa nyasi, si kwa msitu. Penye msitu wakulima walikwangua ardhi hadi udongo ukaonekana, wakawasha moto kutoka kwenye mstari huo ili ukutane na ule unaokuja na kuunyima chakula. Dawa ya moto ni moto, lakini dawa hii inataka watu wanaoelewana. Mmoja akiiwasha bila kumwambia jirani, amemuunguza.

Ndiyo maana naona hatua kubwa kuliko vifaa vyote ilikuwa kuunda vikosi vya kujitolea. Wakulima walichagua kiongozi wao, wakajua nani ana farasi na nani ana mkokoteni wa maji. Mwaka 1926 ulionyesha bado havitoshi: Jumapili ya tarehe 14 Februari watu 31 walikufa karibu na Warburton, magharibi ya Gippsland. Miaka ya 1930 vifaa vilikuwa vimeongezeka, likiwamo bomba la mgongoni, ndugu wa lile tunalopulizia dawa ya nyanya. Hata hivyo kila kikosi kiliangalia kwao, na idara ya misitu ikaangalia misitu yake.

Halafu ikaja Ijumaa ya tarehe 13 Januari 1939. Watu 71 walikufa msimu ule, wengi wao wakifanya kazi kwenye viwanda vya mbao ndani kabisa ya msitu. Mji mdogo wa Noojee uliteketea karibu wote. Jaji Leonard Stretton alipewa kazi ya kuchunguza, akaandika kwamba mioto ile iliwashwa na mkono wa binadamu. Hakuwa anasema wahalifu tu. Alikuwa anasema mkulima anayesafisha shamba, mfugaji anayetaka majani mapya na mpita njia aliyeacha mafiga yakifuka.

Mapendekezo yake hayakutekelezwa yote mara moja. Mwaka 1944 moto ulirudi Gippsland, ukafika hadi mgodi wa makaa ya mawe wa Yallourn uliokuwa ukizalisha umeme wa jimbo, na Stretton akaitwa tena. Safari hii sheria ilipitishwa mwaka huohuo, na kuanzia Aprili 1945 vikosi vya vijijini vikawa chini ya mamlaka moja. Waliovaa sare walikuwa walewale, wakulima wa kujitolea. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na mafunzo, na kiongozi wao alikuwa na nguvu ya sheria ya kuingia shamba la mtu yeyote kuuzuia moto.