Je, wajua kwa nini kuchanga orodha kwa sort() si kuchanga?

Anayejifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwa kujitengenezea maktaba ndogo ya vitendakazi (vipande vya msimbo, kila kimoja na kazi yake) huanza na vyepesi: cha kuondoa marudio, cha kutafuta wastani, cha kukata orodha vipande vipande. Changu cha nne kilikuwa cha kuchanga orodha kama mtu achangavyo karata, ili kipange zamu za upatu. Kilimalizika kwa mstari mmoja:

orodha.sort(() => Math.random() - 0.5)

Nilikijaribu mara tatu nne, majina yakaja kila mara kwa mpangilio mwingine, nikaridhika. Nilikuwa nimekosea. Mpangilio ulikuwa unabadilika kweli, lakini kulikuwa na majina yaliyopendelewa, na majaribio matatu manne hayawezi kuonyesha upendeleo.

Kazi ya sort, amri ya JavaScript ya kupanga orodha, ni kuuliza swali moja tena na tena: kati ya hawa wawili, nani atangulie? Chukua mwalimu anayewapanga watoto watano kwa urefu. Kila mtoto anayeingia kwenye mstari husimama nyuma kabisa, kisha hupimwa na aliye mbele yake. Akishinda, anampita na kupimwa na anayefuata. Akishindwa, anabaki papo hapo. Kwa urefu, utaratibu huu hauna kasoro.

Sasa mwondolee mwalimu rula, umpe sarafu ya kurusha. Math.random() - 0.5 ni sarafu hiyo: hutoa namba ya bahati nasibu, nusu ya nyakati hasi, nusu chanya. Mtoto wa tano akifika, sarafu ya kwanza tu inaweza kumwacha nyuma, na hilo hutokea nusu ya nyakati. Ili afike mbele kabisa lazima ashinde mara nne mfululizo, yaani nafasi 1 kati ya 16. Ukirudia zoezi mara 10,000, tarajia kumwona mwisho mara 5,000 hivi na wa kwanza mara 625. Kwa haki, kila nafasi ingempata mara 2,000. Kila sarafu ilikuwa halali. Kilichopinda ni njia ya kuzitumia.

Hesabu hiyo ni ya mbinu moja tu ya kupanga. V8, injini iliyomo ndani ya Chrome, ilihamia Timsort, mbinu nyingine ya kupanga, mwaka 2018, na huko upendeleo una sura nyingine. Kanuni rasmi za JavaScript zenyewe, ziitwazo ECMAScript, zinasema kwamba ukileta mlinganishi (anayejibu swali la nani atangulie) asiye na msimamo, mpangilio utakaotokea ni hiari ya injini.

Sikuwa peke yangu. Mwaka 2010, Microsoft iliwawekea watumiaji wa Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari, na vitano vikubwa vilitakiwa kupangwa kwa bahati nasibu. Waliouchunguza kwa kutumia Internet Explorer waliikuta Internet Explorer yenyewe nafasi ya tano karibu nusu ya majaribio. Ndani ya msimbo mlikuwa na sort ya namna hii hii. Anayetafuta njama hapo atahangaika bure. Sarafu ya mtoto wa tano inatosha kueleza.

Nilipojirekebisha nilikosea tena, safari hii kwa ustadi zaidi: kila jina nilibadilishana na jina lolote kwenye orodha nzima. Kwa majina matatu, hizo ni njia 27 zinazoishia kwenye mipangilio 6. Gawa 27 kwa 6 uone kama inagawanyika.

Dawa ni kapu la vikaratasi: kilichokwisha kuchomolewa hakirudi kapuni. Ronald Fisher na Frank Yates waliieleza mwaka 1938 kwa ajili ya kalamu na karatasi, na Richard Durstenfeld akaichapisha kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964. Kwa nafasi i kuanzia mwisho wa orodha kurudi nyuma, chagua kwa bahati nasibu nafasi j kuanzia 0 hadi i yenyewe, badilishana majina ya nafasi hizo mbili, endelea. Kwa majina matatu hupati njia 27 tena; ni 3 × 2, yaani 6, moja kwa kila mpangilio.

Hata hivyo kapu nalo lina mpaka. Math.random ya V8 hutumia xorshift128+, mbinu ya kuzalisha namba za bahati nasibu, ambayo kumbukumbu yake ni biti 128 (kila biti ni 0 au 1), kwa hiyo idadi ya hali zake zote ni namba ya tarakimu 39. Idadi ya mipangilio ya karata 52 ni namba ya tarakimu 68. Mipangilio mingi mno ya karata, basi, haiwezi kutokea kamwe hata msimbo ukiwa safi. Zamu za upatu wa watu watano ni 120 tu.