Fleti ya juu ikivujisha maji, bima ya nani hulipa?

Bomba limepasuka ghorofa ya tano. Kwako ghorofa ya nne dari imelowa, kabati za jikoni zimefura, sakafu ya mbao imejikunja. Wenye fleti wengi Nairobi hudhani bima ya jengo, ile inayolipwa kutokana na ada ya huduma ya kila mwezi, itamaliza yote. Mara nyingi haimalizi.

Chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, inayohusu majengo ambayo kila fleti ina mmiliki wake, shirika la wamiliki ndilo lenye jukumu la kulikatia jengo bima. Bima hiyo huangalia hasa mwili wa jengo: nguzo, kuta, paa, ngazi. Fanicha na nguo zako hazimo. Kabla ya kumpigia wakala, omba kamati ya shirika hilo nakala ya mkataba wa bima, usome thamani iliyoandikishwa, uone kama kabati, vigae na marekebisho uliyofanya baada ya kununua vimo, na ni kiasi gani hakilipwi katika kila dai. Kiasi hicho ndicho huzua ugomvi, kwa sababu lazima kitoke mfukoni mwa mtu.

Kisha kata bima yako mwenyewe, ya vitu vya ndani na ya umaliziaji usiomo kwenye bima ya jengo. Hesabu chumba kwa chumba, kwa bei ya kununua upya leo. Usipunguze thamani ili malipo yashuke. Vitu vya milioni 4 ukiviandikisha kwa milioni 2, hasara ya shilingi 600,000 hulipwa nusu, 300,000, na bado hapo hukatwa kile unachobeba mwenyewe.

Na jirani wa juu? Bima yake ya dhima, yaani ya hasara anayowasababishia wengine, hulipa ikithibitika alizembea, jambo linaloweza kuchukua miezi. Afadhali udai kwa bima yako kwanza; kampuni yako ndiyo itakayomfuata. Ila bomba lililopasuka ghafla ni tofauti na lililodondosha tangu Januari: la pili huhesabiwa uchakavu, nalo halilipwi.

Simu na kompyuta zinazotoka nje ya nyumba huhitaji kipengele chao, na mfanyakazi wa nyumbani ana chake pia. Ukiwa umepangisha, vitu vya mpangaji ni juu yake. Fleti ikikaa tupu kupita siku zilizotajwa, aghalabu 30, ulinzi wa wizi huweza kusimama, kwa hiyo iarifu kampuni kwa maandishi kabla hujasafiri.