Mtihani wa stenografe wa mahakama: yale watu wanadanganyana na vile iko kweli

Hapa Lubumbashi ukiambia watu unaandaa mtihani wa stenografe wa mahakama (yule anaandika kwa mashine kila neno linalosemwa pale), ule wa cheti cha RPR wa chama cha mastenografe cha Marekani kinaitwa NCRA, kila mtu iko na maoni yake na nusu ya ile maoni ni uongo mtupu. Siwalaumu, juu kwetu hii kazi haionekani, tukifika tribinali tunaona grefye (karani wa tribinali) na kalamu yake tunafikiri tumeona yote.

Ya kwanza, ya kila siku: "mi nachapa mbio kwa klavye, nitapita." Hapana kabisa. Mashine ya stenotipi si klavye ya kompyuta, iko na vibonye 22 na tena baa ya namba, na haufinyi herufi moja moja, unafinya vingi kwa mara moja kama mpiga gita anashika akodi, mfinyo mmoja unatoa silabi nzima ao neno nzima. Vidole vya kushoto vinaandika sauti ya mwanzo, gumba zinashika vokali, vya kuume sauti ya mwisho. Na kushoto hakuna hata D! Ukitaka D unafinya T na K pamoja, B ni P na W, L ni H na R. Kwa hiyo dog ya Kiingereza inatoka TKOG, mara moja, paf. Yule anayechapa mbio kuliko wote pale sekretaria anaanza na sifuri sawa na mtu hajawahi kugusa kompyuta.

Halafu kuna ile ya kusema mtihani ni mbio tu. Mbio ipo, sikatai: sehemu tatu, kila moja dakika 5, maandishi ya kawaida maneno 180 kwa dakika, maelekezo ya juji kwa jiri (wale raia wanakaa kuamua kesi, kwetu hawako) maneno 200, na maswali na majibu ya shahidi 225. Kisha wanakupa dakika 75 kwa kila sehemu usafishe maandishi yako. Lakini kinachoangusha watu ni usafi, juu lazima ufike asilimia 95. Piga hesabu: 225 mara dakika 5 ni maneno 1125, basi makosa unayoruhusiwa ni kama 56 hivi, na kila neno umeruka ni kosa lake. Shahidi akisema sentensi ya maneno 12 ukaiacha yote, umekula makosa 12 kwa pumzi moja, sentensi tano za namna ile mtihani umeisha hata kama mengine yote uliandika safi kabisa.

Njo maana mi naona mazoezi ya wengi yamekaa vibaya, mtu anakimbilia sauti ya 225 wakati kwa 120 bado anaacha mashimo, kila siku anajifunza kukosea mbio. Cha kuzoea ni kubaki maneno mawili matatu nyuma ya msemaji bila woga, na neno likikuponyoka liache liende, ukilifuata unapoteza kumi mengine. Sauti za mazoezi unaweza kujitengenezea mwenyewe kwa simu: chukua maandishi yoyote ya kesi, weka alama kila baada ya maneno 25, soma ukiangalia saa, kila alama iangukie sekunde 15, hapo uko kwa mwendo wa 100. Ukitaka 180 unaweka alama kila maneno 45. Maandishi ya kesi hayakosekani, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye inaweka mengi wazi mtandaoni, hata kesi ya Lubanga, yule kiongozi wa waasi wa Ituri, iko. Na pale utaona kitu kizuri: shahidi anaongea Kiswahili lakini stenografe anaandika sauti ya mkalimani, Kiingereza ao Kifaransa, juu njo luga za kazi za ile mahakama.

Kuhusu luga sasa. "Kiingereza nilisoma UNILU (chuo kikuu cha hapa), hakuna shida." Kusoma ni kitu kimoja, kusikia Mmarekani anameza nusu ya maneno ni kingine. Did na didn't zinaachana kwa kasauti kadogo tu, ukikosea umegeuza ushahidi wa mtu, "nilimuona" inakuwa "sikumuona". Their na there zinasikika sawa, wewe njo wa kuzitofautisha kwa mfinyo wako kabla hazijafika kwa skrini. Na kama kazi unayotaka ni ya Kifaransa, huu mtihani si wako hata kidogo, Wafaransa wako na stenotipi yao ya Grandjean na njia yao ya kuandika, ukichanganya mbili utaumia bure.

Wengine wanaogopa eti lazima upite yote siku moja. Hapana, unapita sehemu moja, inabaki yako, unarudia ile imekushinda. Mtihani wa nadharia, bila mashine, uko peke yake, maswali 120 ya kuchagua jibu kwa dakika 105, na si mtihani wa sheria vile watu wanafikiri, ni teknolojia, namna ya kutayarisha maandishi ya kesi, na maadili ya kazi.

"Ukipata cheti unakuwa grefye." Ee bwana. Grefye wa kwetu ni mtumishi wa serikali, anateuliwa, anachunga madosie, anaandika plumitifu (daftari ya yale yalipita kwa kikao), anasaini hukumu pamoja na majuji. RPR ni karatasi ya chama cha Marekani, kule baadhi ya majimbo yanaikubali badala ya mtihani wao, lakini hapa haikufungulii mlango wa tribinali.

Ya kusema akili bandia na rekodi zitakula hii kazi, sitakawia. Rekodi si jambo jipya, Alaska mahakama zao zinarekodi tangu miaka ya 1960, na hii kazi bado iko. Avoka wawili wakiongea pamoja na shahidi anakohoa, mashine haiwezi kuinua mkono kusema "rudia tafadhali".

Pesa je? Mashine ya kazi ni maelfu ya dola, kweli, lakini kuanza hauihitaji, kuna programu ya bure inaitwa Plover inafanya kazi kwa klavye ya kawaida. Shida, klavye nyingi za bei ndogo hazipokei vibonye vingi kwa mara moja. Kabla ya kulipa, omba muuzaji aichomeke, fungua ukurasa mtupu, finya S D F na J K L pamoja, zikitoka zote sita chukua, zikitoka nne mrudishie. Na siku ya mtihani wa mikono, ule wa mbio, kwa sababu unafanyika mtandaoni wakikuangalia kwa kamera, usitegemee umeme wa SNEL, tafuta mahali penye jenereta mapema.