Je, kocha mpya ndiye huiponya timu?

Wapenzi wengi wa soka huamini kwamba klabu kubwa ikiyumba, dawa ni kumtimua kocha: mpya akifika, ushindi hurudi. Imani hii haikuzuka hivihivi, kwani mara nyingi matokeo huwa mazuri kweli baada ya mabadiliko.

Ila kocha hutimuliwa timu ikiwa imefika chini kabisa, na kutoka hapo njia iliyobaki mara nyingi ni kupanda, awepo yeye au mwingine. Majeruhi hupona, ratiba hulegea, mashuti yaliyokuwa yakigonga mwamba huanza kuingia. Uchambuzi wa ligi kuu ya Uholanzi, kati ya 1986 na 2004, ulilinganisha timu zilizofukuza kocha na zilizopitia mdororo kama huo zikambakiza. Ziliinuka kwa namna inayofanana.

Unaweza kujipimia. Chukua matokeo ya klabu yako, mechi 10 kabla ya kocha kuondoka na 10 baada, uangalie wapinzani walikuwa nani na nani alicheza nyumbani. Kisha (hapa ndipo wengi huishia njiani) tafuta timu iliyofungwa mfululizo vilevile bila kumgusa kocha wake, uziweke pamoja.