Je, wajua kwa nini chuo kikuu kimoja peke yake hakiwezi kupambana na umaskini?

Watu wengi wakisikia chuo cha Ulaya au Marekani kimesaini makubaliano na chuo cha Afrika au Asia ili kupunguza umaskini, kinachowajia kichwani ni makongamano, picha za kupeana mikono na ripoti nene. Na wana haki ya kuuliza, maprofesa wa pande mbili wakikaa pamoja, mtu ambaye hana uhakika wa kula kesho anapata nini hasa? Jibu ni kwamba anaweza kupata kitu kikubwa sana, ila sio kila ushirikiano unakileta, na tofauti kubwa iko kwenye nani anauliza swali la utafiti na nani anabaki na ujuzi mradi ukiisha.

Tuanze na mfuko wa kuhifadhia kunde, maana huu unaelezea mambo mengi kwa mpigo. Mkulima wa kunde akishavuna adui yake mkubwa ni fukusi. Yule mdudu anataga mayai juu ya punje, kiwavi anatoboa anaingia ndani, anakula humohumo mpaka anatoka akiwa mdudu kamili na tundu linabaki, afu nao waliotoka wanataga, ndani ya miezi michache gunia zima limetobolewa halifai kula wala kuuza. Kwahiyo mkulima anafanya nini, anauza harakaharaka mara tu baada ya mavuno, na majirani zake wote nao wanauza wakati huohuo, bei inakuwa chini kabisa, afu miezi ya njaa ikifika anarudi sokoni kununua chakula kilekile alichouza na sasa kimepanda bei. Mtu huyu sio mvivu na wala hajakosa elimu ya biashara, anajua vizuri kabisa kwamba angesubiri angepata hela nzuri, ila fukusi hawamruhusu kusubiri.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alilishughulikia tatizo hili pamoja na watafiti wa Cameroon, na kilichozaliwa ni mfuko wa tabaka tatu: mbili za ndani ni plastiki nzito, ya nje ni kiroba cha kawaida. Unajaza kunde zilizokauka vizuri, unaminya hewa itoke, unafunga plastiki ya kwanza kwa kamba imekaza, unafunga ya pili, unafunga kiroba, basi, hakuna dawa ya kunyunyizia wala unga wa kuchanganya. Fukusi waliobaki ndani wanatumia ile oksijeni kidogo iliyopo mpaka inashuka sana na wanaacha kula. Ila hapa ndo pananifurahisha mimi, utafiti wa baadaye wa Murdock na wenzake ulionyesha kwamba kinachowamaliza hasa ni kiu, kwa sababu kunde kavu haina maji ya maana na mdudu huyu anayatengeneza mwenyewe mwilini kutoka kwenye chakula akitumia oksijeni, ukimnyima oksijeni umemnyima maji. Kuanzia 2007 wakfu wa Gates ulitoa fedha kuusambaza mfuko huo Afrika Magharibi na Kati, na baadaye ikaonekana unafanya kazi hata kwa mahindi na nafaka nyingine.

Sasa jiulize kama upande mmoja ungeweza hii kazi peke yake. Maabara ya Purdue inaweza kupima mdudu anavuta oksijeni kiasi gani kwa siku, lakini haiwezi kukuambia mkulima analaza magunia wapi, anaweza kununua nini na hawezi kununua nini, na kitu gani atakichoka baada ya msimu mmoja. Mtafiti wa huku aliye karibu na mkulima anayajua hayo yote ila mara nyingi hana fedha wala vifaa vya kukaa na swali moja miaka mingi. Wakikutana wote wawili kwenye swali moja, na swali lenyewe limetoka kwa mkulima, ndo kinapatikana kitu ambacho mtu wa kawaida anakitumia bila hata kujua kuna profesa nyuma yake.

Ila kubuni kitu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo watu huwa hawaioni, ni kujua kama msaada unaotolewa unafanya kazi kweli, na hapa vyuo vimebadilisha mengi kwa miaka 30 hivi iliyopita. Mchumi wa Marekani Michael Kremer na wenzake walifanya utafiti magharibi mwa Kenya miaka ya 1990, wakajaribu kitu ambacho kila mtu angesema ni lazima kisaidie, kuwapa shule vitabu vya kiada. Matokeo, kwa wastani alama za wanafunzi hazikupanda, waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri, na sababu moja kubwa ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza ambacho kwa watoto wengi ilikuwa lugha ya tatu. Fikiria ni hela kiasi gani zingeweza kumwagwa kwenye vitabu hivyo kama hakuna aliyepima.

Baadaye Kremer pamoja na mchumi mwenzake Edward Miguel waliufuatilia mradi wa dawa za minyoo kwenye shule za msingi 75 za Busia, hukohuko magharibi mwa Kenya, kuanzia 1998. Shule ziligawanywa makundi matatu ya shule 25, kundi la kwanza likaanza kupewa dawa, mengine yakafuata miaka ya mbele, hivyo wakaweza kulinganisha waliopata mapema na waliochelewa. Utoro ulipungua kwa robo, japo alama za mitihani hazikubadilika. Miaka 20 baadaye waliwatafuta tena walewale, sasa ni watu wazima, na matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kwamba waliopata dawa miaka miwili mitatu zaidi walikuwa na matumizi makubwa kwa asilimia 14 na kipato cha kila saa ya kazi kikubwa kwa asilimia 13. Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, chuo cha Uingereza, walichukua data za ule utafiti wa mwanzo wakazipigia hesabu upya, wakakuta makosa kadhaa ya hesabu na mjadala ukawa mkali mpaka leo haujaisha vizuri. Mimi naona hilo ni jambo jema, watu wa chuo kingine, bara lingine, wanaruhusiwa kufungua daftari lako na kukusahihisha hadharani. Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipata Nobeli ya uchumi 2019 kwa njia hii ya kupima kwa majaribio.

Kuna utafiti mwingine ambao kwangu ndo unajibu swali la kichwa cha habari moja kwa moja. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza 2002 mpango wa kuzisaidia familia fukara kabisa: wanapewa mali ya kuanzia kama mifugo, hela kidogo ya kula wakati mifugo inakua, mafunzo, sehemu ya kuweka akiba, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara. Ilionekana unafaa Bangladesh, lakini je, kwingine? Watafiti wa vyuo tofauti, akiwemo Robert Osei wa Chuo Kikuu cha Ghana, waliujaribu Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru kwa zaidi ya familia 10,000, matokeo yakachapishwa 2015. Kwa ujumla familia zilikula vizuri zaidi na kuwa na mali zaidi hata mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Lakini Honduras mambo yalikwenda vibaya, kuku wengi waliogawiwa walikufa kwa ugonjwa. Ungepima Honduras tu ungesema mpango haufai utupwe, ungepima India tu ungesema unafaa popote duniani, na serikali zingeamua mambo makubwa kwa kutazama sehemu moja. Hakuna chuo kimoja chenye watu wanaojua lugha, masoko na mifugo ya nchi sita kwa wakati mmoja.

Sasa upande unaouma. Rudi kwenye ule utafiti wa minyoo uliochapishwa 2004, waandishi wake ni wawili na wote walikuwa wa vyuo vya Marekani, wakati watoto, walimu na barabara za vumbi zote ni za Busia. Hili limetokea sehemu nyingi mno, mtu anakuja, anakusanya data, anaondoka, walioulizwa maswali hawasikii tena chochote. Wasan, jamii ya asili ya Afrika Kusini, walichoka wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti mwaka 2017, wakidai heshima, ukweli, haki na kujali kutoka kwa kila mtafiti anayetaka kuingia kwao. Na mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti uliofanyika Cape Town 2022 ulizaa tamko linalotaka usawa kati ya vyuo vya nchi tajiri na maskini tangu hatua ya kupanga utafiti, na sio wakati wa kugawana sifa mwishoni.

Kuna njia za kurekebisha ambazo tayari zinatumika. Makerere na vyuo vya Sweden walianza 2000 kusomesha watu wa uzamivu kwa mtindo unaoitwa sandwichi, mwanafunzi anabaki wa Uganda, anafanyia utafiti Uganda, anakwenda Sweden miezi kadhaa kutumia maabara na kukaa na wasimamizi afu anarudi, hivyo hapotei moja kwa moja ughaibuni na swali lake linabaki la nyumbani kwake. Muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, AERC, wenye makao Nairobi tangu 1988 unafundisha na kufadhili wachumi wa Afrika wanaotafiti uchumi wa Afrika. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika ulioanzishwa 2004 na vyuo 10, umekua mpaka zaidi ya vyuo 100 na unawapeleka wanafunzi wa kilimo wakafanyie utafiti kwa wakulima wenyewe.

Kinachobaki kigumu ni hela. Fedha nyingi za utafiti wa aina hii bado zinatoka nchi tajiri na mara nyingi zinapitia chuo cha huko kwanza, na anayeshika mfuko wa fedha ndo anaamua ratiba, vifaa vinunuliwe wapi, na swali gani lipewe kipaumbele. Kwahiyo kama upo chuoni na unasikia makubaliano mapya yamesainiwa, omba kuona ukurasa wa bajeti na majina ya wanaoongoza kila sehemu ya utafiti, pale utajua mapema kabisa chuo chenu kimeitwa kufikiri au kimeitwa kukusanya data.